Monita Niliyoijaribu Kanisani

Mimi ni mwalimu hapa Voi, nina miaka arobaini na mbili, na bado nacheza gemu za zamani. Huwa naficha. Gemu hizo hupendeza kwenye zile monita nzito za studio, kwa hivyo niliposikia kanisa moja Wundanyi linauza yake, nilimwambia mzee wa kanisa naitaka kwa ajili ya somo la sayansi.

"Ijaribu basi, mwalimu," akasema, akaniacha peke yangu kwenye chumba cha video. Ng'ambo ya ukuta akina mama walikuwa wakiimba. Maneno ya wimbo wao yalikuwa kwenye monita, na sikujiuliza kwa nini.

Nilifunga mlango. Nikachomoa waya unaoingia, nikachomeka mashine yangu ya gemu. Unaotoka sikuugusa. Picha ilikuwa safi ajabu. Nikaona nipigane raundi moja tu kabla mzee hajarudi. Nikakata kichwa cha kwanza, nikakata cha pili. Wimbo ukanyamaza katikati ya ubeti.

Mzee akafungua mlango taratibu.

"Mwalimu, huo waya mwingine unaenda kwa skrini kubwa ya kanisani. Akina mama wanauliza, hilo ni somo la darasa la ngapi?"