Kiganja cha Fundi

Fundi wetu wa kompyuta hasomi kwanza wati zilizoandikwa kwenye pawasaplai, kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Huiweka kwenye kiganja chake chenye makovu ya kulehemu, hufumba macho, huipandisha na kuishusha, kisha hunong'ona, "Nyepesi hii, itakuunguzia mashine." Nami nikajifanya mjuzi. Kompyuta yangu ya gemu inabugia umeme, kwa hiyo dukani nilifumba macho mbele ya watu, nikachagua iliyonitegua mkono kwa uzito, nikampelekea fundi nikiwa kifua mbele. Akaipima, akachukua bisibisi, akaifungua. Ndani kulikuwa na kipande cha zege kilichobandikwa kwa gundi.

"Usikitupe, mdogo wangu," akasema taratibu. "Mlango huu unanisumbua kwa kujifunga ovyo."

Mpaka leo mlango wake unazuiwa na utaalamu wangu.