Matuta Tisa ya Mama Mdogo

Nikimwona mtu sokoni anapekua mafungu ya mchicha akitafuta jani lisilo na tundu, hunijia hamu ya kumwambia neno, kisha huliacha. Mama mdogo asingeliacha. Yeye alitafuta jani lililotobolewa, na akilipata uso ulimnyooka. "Hili mdudu ameshalionja," alikuwa akisema, "na hakufa."

Alikuwa dobi wa hospitali. Mama yetu alipofariki, miaka miwili baada ya baba, mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na chini yangu kulikuwa na wadogo wanne. Mama mdogo naye alikuwa na wanne wake, nyumba ya vyumba viwili, na mume aliyesafiri kutafuta kazi. Huo ulikuwa mwaka wa sita anaitafuta. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa ameshapanga namna ya kutugawa: wawili kwake, wawili kwa shangazi, na mdogo kabisa, tuliyemwita Kifaranga, kwa binamu ambaye hata sura yake hatukuijua. Mama mdogo alisimama mbele ya wazee wa ukoo akiwa bado na kanga ya msibani kiunoni, akaomba mwaka mmoja.

"Ukija ukamkuta hata mmoja amedhoofika, shemeji," alisema, "wachukue wote, sitafungua mdomo."

Baba mkubwa alikuwa mtu mrefu wa maneno machache. Alikubali, lakini kwa macho ya mtu anayejua mwisho wa hadithi.

Mshahara wa udobi ulitosha unga, mchele, chumvi na mafuta. Vilivyobaki vyote vilitoka nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja chembamba kilichokuwa jalala la wapangaji waliotutangulia. Tulikizoa takataka wiki tatu. Alitukatia matuta tisa, kila mtoto lake, hata Kifaranga aliyekuwa na miaka minne. Maganda ya matunda na ya mayai, majivu na majani makavu yalikwenda shimoni kuoza. Maji ya kuloweka maharage hayakumwagwa, na ya kuoshea mchele vivyo hivyo. Boga lilipofika jikoni halikuacha yatima: nyama iliingia kwenye uji wa asubuhi, mbegu zilikaangwa zikawa za kutafuna shuleni, na majani yake yalikuwa yameliwa wiki nyingi kabla. Hospitali ilimpa mashuka yaliyochakaa, nasi tukayatandaza juu ya miche kuikinga na jua, mihuri ya wodi ikiwa bado inasomeka. Majirani walipopita walituuliza wagonjwa wameamkaje. Yeye walimwita Bibi Shamba, na hakuwa na kinyongo, aliitika.

Tulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, majani huchumwa ya chini, kilele hakiguswi. Ya pili ilikuwa yake peke yake, sijaiona kwingine: mtu hachumi kwenye tuta lake. Lako unalilima, unalinyweshea, unalipalilia, lakini atakayeingiza mkono humo ni mwenzako. Alisema mtu akichuma kwake mwenyewe ataonea huruma mboga zake na kuficha magugu yake. Kwa hiyo kila jioni tulikaguana, na ulimi wa watoto tisa haukuwa na breki. Mmoja wa watoto wa mama mdogo, tuliyemwita Profesa kwa sababu alijua kila kitu isipokuwa masomo, aliwahi kuniuliza kama tutani kwangu nafuga nyoka au napanda mchicha.

Nakumbuka tukila. Tulikaa kwenye mkeka kuizunguka sinia, wakubwa wakiwapozea wadogo, na hakuna aliyeinuka na njaa. Mwaka ule hatukwenda zahanati ila kwa jino moja la Profesa. Sijawahi tena kula chakula chenye ladha ile, na nimekaa mezani kwenye hoteli za maana.

Zikiwa zimebaki wiki tatu mwaka utimie, vidukari waliingia. Ni wadudu wadogo wa kijani, hujipanga chini ya jani na kulifyonza mpaka likajikunja kama sikio la mzee. Walianzia kwangu. Mama mdogo alinipa majivu ya kunyunyiza, na maji ya pilipili na kitunguu saumu. Nilifanya hivyo siku nne, nao wakazidi. Kila nikifumba macho nilimwona baba mkubwa amesimama juu ya tuta langu, na niliwaona wadogo zangu wakipandishwa magari tofauti. Usingizi ukanikimbia.

Jirani yetu alikuwa muuza mboga. Jumamosi moja, mama mdogo akiwa kazini, nilimfuata nikamweleza. Aliingia ndani akatoka na bomba dogo la kunyunyizia, lenye dawa nusu.

"Usichume mpaka wiki mbili zipite," aliniambia.

Nilimuuliza kama na yeye hungoja wiki mbili.

"Mimi nauza, mwanangu," akasema. "Mimi sizili."

Nilipiga hesabu kichwani. Wiki mbili zingeisha kabla baba mkubwa hajafika, na tuta langu wakati huo lilikuwa limejikunja kiasi kwamba hakuna mtoto ambaye angelitamani. Nilinyunyizia lile moja tu. Siku ya tatu vidukari walikuwa vumbi, na majani mapya yakaanza kufunguka. Mama mdogo alipoliona aliniita mbele ya wenzangu akasema kwamba huyu ndiye mtu wa kuigwa, majivu yanataka mtu asiyechoka. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Siku ya tano baba mkubwa alitokea bila taarifa. Alisema alikuwa na safari ya upande wetu akaona apite, lakini nadhani alitaka kutukuta kabla hatujajipamba. Mama mdogo alinituma dukani kuleta mafuta. Niliporudi sufuria lilikuwa motoni, maharage na mchicha vikichemka pamoja, na karanga zilizotwangwa zikisubiri pembeni. Nilikwenda nyuma ya nyumba. Tutani kwangu vikonyo vilikuwa vimekatwa, bado vinatoa maji. Profesa na Kifaranga walikuwa wametumwa kuchuma mboga za mgeni, na walichagua tuta lililopendeza kuliko yote.

Nilipaswa kusema wakati huo. Lakini baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, anatutazama mmoja mmoja mashavu na miguu kama mtu anayenunua mbuzi, na mama mdogo alikuwa anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Nilitandika mkeka. Niliwanawisha watu mikono. Sinia ikaletwa, moshi unapanda, na Kifaranga akafinyanga tonge kubwa kuliko mdomo wake.

"Msile," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Baba mkubwa, usile. Nilipiga dawa."

Nilimkamata Kifaranga mkono, tonge likaanguka. Niliyasema yaliyobaki nikiwa nimeukumbatia mkono ule: bomba, jirani, wiki mbili. Mama mdogo hakunipiga na hakunikaripia. Alisimama, akabeba sinia, akarudi kubeba sufuria la mboga, akavipeleka vyote shimo la mbali nyuma ya choo. Tulisikia sufuria likikwanguliwa. Aliporudi alinawa mikono kwa sabuni, akatunawisha na sisi wote, mgeni pia. Kisha akapakua wali uliokuwa umebaki jikoni akauweka mbele ya shemeji yake pamoja na kibakuli cha chumvi.

"Chakula cha leo ndicho hiki," alimwambia. "Umeyaona mwenyewe. Tulikubaliana utawachukua, na mimi nilisema sitafungua mdomo."

Profesa, ambaye hakuwahi kujua wakati wa kunyamaza, alimsogezea chumvi. Baba mkubwa alicheka kidogo puani, akanyunyiza chumvi, akala. Nasi tukala. Hakusema neno juu ya kutugawa wala kutotugawa, na alipoaga jioni ile tulibaki hatujui tumehukumiwa nini.

Kabla giza halijaingia, mama mdogo alinichukua mpaka tutani kwangu, tukaanza kung'oa. Aliniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamjibu kwamba niliogopa tutagawanywa.

"Na mimi naogopa, mwanangu," alisema. "Nafua huku naogopa. Vuta na mizizi."

Tuta lile lililala tupu miezi mitatu. Kwa kuwa nilibaki bila kazi, kila mmoja alinipa pembe ya tuta lake nimsaidie, na walinisimamia kwa ukali ambao hata manyapara hawana.

Mwaka ulipotimia tulioga asubuhi, tukavaa nguo safi, tukakaa barazani. Baba mkubwa hakuja. Saa sita ulikuja mkokoteni umebeba magunia manne ya mbolea ya kuku kutoka mabandani kwake, na msukuma mkokoteni alikuwa na ujumbe wa mdomo: mzee anasema aambiwe kabla haijaisha, ataleta nyingine.

Mama mdogo aliketi juu ya gunia mojawapo akajifunika uso kwa upande wa kanga. Tulidhani analia, na pengine alikuwa analia, lakini alipoufunua alituuliza tunangoja nini na nguo safi, hayo magunia yataingia yenyewe?

Tuligawanyika baadaye, kwa ndoa na kazi, mmoja mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa akitufungia mizigo. Siku ile lakini wote tisa tulivua nguo safi tukashika magunia. Mvua ilikuwa inanukia, hivyo tuliyaingiza ndani, na usiku tulilala kichwa kwa miguu huku harufu ya kuku imejaa vyumba viwili. Kifaranga aliuliza kama kuku wenyewe wanakuja kesho. Wenzangu walikuwa wameshalala, nami nilikuwa mbioni kuwafuata.