Sauti ya Mke wa Fundi Saa

Ofisini kwao, kwenye tume ya malalamiko ya wananchi, walimwita Bi Kifungu, na jina likamkaa. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi shingoni, na mkobani nakala ya sheria iliyochakaa kwa kufunguliwafunguliwa. Mwananchi akidai kwamba watu wa usalama wamemchungulia maisha yake, yeye ndiye anayekwenda kuwauliza. Kuwauliza watu wa usalama, jamani! Miaka kumi na tisa kazini, na bado kila akilikaribia geti la makao yao alipapasa kwanza mkoba kuhakikisha ile nakala imo.

Safari hii alikwenda kwa ajili ya fundi saa. Mzee wa watu alikuwa amehojiwa na wageni wawili juu ya "mzigo" alioutaja kwa mkewe kwenye simu tu. Mzigo wenyewe saa ya ukutani ya shemeji yake, basi! Akajua kuna sikio la tatu, akaleta malalamiko. Shauri halijafika popote, mkewe akafariki.

Getini Bi Kifungu aliachishwa simu na saa, akapitishwa milango mitatu ya chuma. Mkuu wa kitengo, pande la mtu ambaye wenzake humsalimia wakiwa wima, alisoma ukurasa mmoja wa sheria, akashusha pumzi.

"Mfungulieni jalada la simu," akasema.

Wakamfungulia. Karatasi moja tu, nakwambia! Hakuwahi kulizoea jambo hilo.

Ukweli ulichekesha na kuudhi kwa pamoja. Namba ya mtu waliyemtaka iliishia na nane, karani akaandika tatu. Miezi minane watu wazima na akili zao wakamsikiliza fundi saa akibishana na mkewe kuhusu sabuni. Mkuu hakuwa na pa kuuficha uso.

Ilibidi kila kilichonaswa kikaguliwe kabla ya kufutwa. Siku mbili Bi Kifungu akakaa na spika masikioni. Alitegemea siri, akakuta ndoa.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo wewe, njaa yako naisikia mpaka huku."

Simu ya mwisho ilitoka hospitali, sauti imekuwa nyembamba: "Usisahau kufunga dirisha, mume wangu." Bi Kifungu akavua miwani. Alijiona kama ameingia chumbani kwa watu bila hodi, na kilichokuwamo ni kikubwa kuliko yeye.

Sheria ilitaka vifutwe mbele ya mwenyewe na kwa ridhaa yake. Fundi saa akaja amevaa koti lililopigwa pasi.

"Mke wangu yumo humo?"

"Yumo, mzee wangu. Ukitaka kumsikia ni haki yako. Ukitaka kuondoka naye, nitakupigania."

"Nyumbani sina sauti yake hata moja," alisema mzee. "Nani angewaza?"

Bi Kifungu akabonyeza. Muongo wewe, njaa yako naisikia mpaka huku. Mzee akacheka kwa sauti, machozi yakimtiririka, kisha akainua mkono.

"Zima."

"Zipo nyingi, mzee wangu. Usiharakishe."

"Najua zipo. Lakini alikuwa anaongea na mimi. Hawa hakuna aliyewaalika. Futeni zote."

Mkuu wa kitengo alifuta kwa mkono wake mwenyewe, moja baada ya moja, na hakuthubutu kumtazama mzee usoni. Bi Kifungu alikuwa ameona mawakili wakijaribu kumtetemesha mtu yule wasiweze. Fundi saa aliweza, na kalamu ya kutilia sahihi alikuwa ameiazima.

Mlangoni mzee akageuka. "Na wewe ulisikiliza, mwanangu?"

"Nilisikiliza, baba. Ndiyo kazi."

"Basi na wewe sahau."

"Nitasahau," akaahidi, na aliahidi kwa moyo wote.

Jioni ile mumewe alimkuta amesimama dirishani, mkono uko kwenye komeo.

"Kuna nini, mke wangu?"

"Hakuna kitu," akasema, akalifunga.