Siku Ndeti Alipofua Vitambaa

Tangu azaliwe, Laban Ndeti hakuwahi kufua kitambaa cha kiti, na laiti angezeeka bila kufua, nyumba yake isingegeuka kizungumkuti. Lakini mwanamume akishapata wazo zuri akiwa peke yake nyumbani, nani wa kumshika mkono?

Wazo lenyewe lilitokana na woga. Mkewe, Nthenya, alikuwa ameshikwa na presha ya macho, ile inayokula mwanga polepole kama mchwa anavyokula mlango. Kila akiulizwa alijibu, "Naona kidogo. Naona kivuli." Na kweli, alitembea sebuleni mwake bila kugonga kitu, akaenda jikoni, akarudi na chai, akamtia Ndeti kikombe mkononi. Ndeti akaridhika. Asubuhi alipanda baiskeli yake kutoka Mumbuni hadi mjini Machakos, akashinda kando ya soko akiziba pancha na kunyoosha rimu za watu, na jioni alirudi akakuta mambo shwari.

Aliyekataa kuridhika ni binti yao, Mbula, aliyekuwa akishona suruali katika kiwanda kimoja huko Athi River. Mwaka huo wa 2002 alituma habari kwamba Jumamosi angekuja kujionea mwenyewe. Akiona mama hawezi kukaa peke yake mchana kutwa, basi wataondoka wote wawili, mama akaishi naye Athi River. Ndeti aliposikia hivyo usingizi ulimruka. Nyumba bila Nthenya! Hata chumvi hakujua inawekwa wapi.

Basi, Nthenya alipokwenda Masii kumwona dada yake wiki hiyohiyo, Ndeti akapiga moyo konde. Angeipamba nyumba mpaka Mbula akifika aone haya kufungua mdomo. Kazini hakwenda. Alikoroga chokaa ndani ya debe, akatia bluu ya kufulia kidogo, akapaka kuta za sebule kwa brashi aliyojitengenezea kwa kuponda ncha ya jani la mkonge. Alibandua kalenda kuukuu, akapika gundi ya unga wa ngano, akabandika picha za milima yenye theluji alizokata kwenye magazeti. Mikebe ya mafuta ya kupikia akaipaka ile rangi nyekundu ya baiskeli, akapanda maua na kuipanga nje ya mlango. Akasimama mikono kiunoni, akatazama. Lo! Kumbe alikuwa fundi wa mambo haya na hakujua.

Ndipo macho yake yakatua kwenye vitambaa.

Nthenya alikuwa na mkono wa kufuma. Enzi za macho yake mazima hakuachana na sindano ya krosheti, hata mbuzi aliwachunga akifuma. Viti vya sebuleni vilikuwa vya seremala mmoja, vyote sura moja, vimezunguka ukuta kama kawaida ya nyumba za kwetu, na kila kimoja kilikuwa na kitambaa chake mgongoni. Kuvifua ilikuwa kazi yake, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Alifua kimoja, akangoja kikauke, akakirudisha kitini, ndipo akagusa kingine. Ndeti siku zote aliona huo ni ukaidi wa bure. Yeye alivikwanyua vyote kwa mara moja, akavitosa ndani ya karai.

Alivisugua mpaka viwiko vikamuuma. Akavichovya kwenye uji wa wanga, akavianika juu ya ua wa miti, navyo vikakakamaa kama chapati za jana. Alipovikusanya mezani alikuna kichwa. Vyote vyeupe, vyote mashimo mashimo. Kipi kilitoka wapi? "Aah, kitambaa ni kitambaa," akajiambia, akavitandaza jinsi mkono ulivyopenda.

Nthenya alirudi Alhamisi. Dada yake alimfikisha mlangoni, akaaga, akageuza. Nthenya akanusa.

"Umepaka chokaa, Baba Mbula?"

"Nimepaka. Unaona vile inang'aa?"

"Naona," akasema, akitabasamu. "Imependeza kabisa."

Akaingia, akapapasa mgongo wa kiti kimoja, kisha cha pili. Akakibinya kitambaa kwa kidole na gumba. Akageuka kushoto, akatembea kwa hatua za mtu anayejua aendako, na pu! akalivaa kabati kwa paji la uso. Vikombe vikalia.

"Nani amegusa vitu vyangu?" akauliza, na sauti yake ilikuwa kali.

Ndeti alikuwa amejiandaa kusifiwa, si kukaripiwa. Ulimi ukateleza. "Hakuna mtu amegusa kitu! Kabati iko pale pale."

Na kwa upande wa kabati alisema kweli. Hakuna kiti wala meza iliyosogea hata inchi moja, na hilo ndilo lililomchanganya yeye mwenyewe. Alimwona mkewe akitafuta mlango wa chumba cha kulala akakumbatia ukuta. Akamwona akielekea jikoni, akatokea nje na kuipiga teke mikebe ya maua. Kila alipopotea alirudi, akashika kiti, akabinya kitambaa, akakunja uso, akaanza safari upya, akapotea tena. Ndeti alimfuata nyuma mikono imenyooshwa, hajui amshike ama amwache.

"Kwani huko Masii ulikula nini?"

"Nilikula muthokoi kama watu wote."

"Labda ni hii harufu ya chokaa."

Nthenya akashika kiti kingine, akabinya tena. Jua lilipozama alikuwa ameketi, mikono mapajani, hataki tena kuinuka. "Baba Mbula," akasema, "macho nilikuwa nimeyazoea. Sasa ni kichwa. Kichwa yangu imeniacha." Akalia. Ndeti hakukumbuka mara ya mwisho alipomwona akilia. Aliogopa, tena sana, na jambo lenyewe hakulielewa hata chembe.

Ijumaa hakwenda mjini. Alijibanza kwenye kona ya sebule, akatulia kimya, akamtazama. Nthenya alitoka chumbani akipapasa, akashika kiti cha kwanza. Vidole vyake vikatembea juu ya kitambaa polepole, vikifuata pambo lililofumwa.

"Waridi," akanong'ona. "Waridi ni ya mlangoni. Hapa niko mlangoni." Akanyoosha mkono kutafuta mlango wa nje. Ukuta. Akarudi kwenye kiti cha pili. "Nanasi. Nanasi ni ya kando ya kabati... Aiya! Nanasi imefika hapa aje? Ama nimesahau? Woi, nimesahau."

Ndeti akaganda pale pale. Kumbe! Hakuwa akiona kivuli wala nini. Alikuwa haoni kabisa, na ile nyumba aliijua kwa vidole. Kila kitambaa kilikuwa kibao cha njia, na yeye, Ndeti, alikuwa ameving'oa vibao vyote na kuvipanda upya kama kichaa. Alikasirika kwamba mkewe alimficha. Papo hapo akaona aibu, kwa sababu yeye naye alikuwa amemficha. Na huruma ikamjia juu ya hayo yote hata asijue afanye nini.

Angesema hapo hapo, mambo yangekwisha. Lakini mtu akishadanganya mara moja, ulimi unakuwa mzito. Tena kesho Mbula anakuja! Asikie kwamba baba ndiye anayempoteza mama ndani ya nyumba yake? Akaona afadhali arekebishe kimyakimya. Nthenya alipojilaza mchana, Ndeti alivitoa vitambaa, akavipanga sakafuni, akapiga magoti. Nanasi ni ipi? Hii yenye tumbo? Waridi je? Alivigeuza, akaviinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona mashimo tu. Mwishowe akavirudisha kwa kubahatisha.

Nthenya alipoamka alikuta nyumba ya tatu. Ile ya makosa alikuwa hata hajaizoea, sasa nayo haipo. Alishika kiti kimoja, akashika cha pili, kisha akaketi chini sakafuni mahali alipokuwa. "Kesho nitaenda na Mbula," akasema. "Usibishane na yeye."

Jumamosi Mbula aliingia akapigwa na butwaa. "Baba! Kumbe unajua kupamba nyumba hivi? Ukuta, maua... na vitambaa vinang'aa!" Kisha akamwona mama yake ameketi kando ya mlango wa jikoni, kiondo kilichojaa nguo kipo miguuni pake. Furaha ikamtoka. "Mama, ni nini?"

"Twende, mwanangu. Macho yaliisha zamani, nilikuwa nawadanganya. Lakini kichwa ilikuwa mzima. Sasa hata kichwa imeenda. Sijui mlango, sijui jikoni. Nikiwasha moto nitachoma hii nyumba."

Mbula alimtazama baba yake, macho yanauliza. Ndeti alikitazama kile kiondo. Mficha uchi hazai, na kama hangesema sasa, asingesema milele.

"Kichwa yake haina kitu," akasema. "Ni mimi. Nilifua vitambaa."

"Sasa kufua ni makosa?" Mbula akauliza, hajaelewa.

Lakini Nthenya alikuwa ameinua uso. "Ulifua ngapi?"

"Zote."

"Na ukarudisha aje?"

"Nilirudisha tu. Na jana ukilala nikabadilisha tena, nikitaka kurekebisha."

Nthenya akasimama. "Siku mbili, Laban!" Tangu Mbula azaliwe hakuwahi kumwita mumewe kwa jina hilo. "Siku mbili nimekaa hapa nikijiaga mimi mwenyewe! Nikasema, Nthenya, kwaheri, umeisha. Na wewe umesimama hapo unaniangalia!"

"Niliogopa utaenda."

"Ukanifukuza kwa kuogopa nitaenda! Hebu niambie, ya kiti yako ni gani? Ile unaegemea kila jioni."

Ndeti akatazama viti, kimoja baada ya kingine. "Sijui," akakiri.

"Hajui! Mbula, toa hizo vitambaa zote. Laban, fumba macho."

"Nifumbe macho?"

"Fumba! Na usinidanganye, mtoto anakuangalia."

Ndeti akafumba. Mbula akawa anamtia vitambaa mkononi. Cha kwanza kilikuwa mashimo tu, na cha pili vilevile. Akatikisa kichwa. Kisha vidole vyake vikakutana na vinundu vidogo vigumu, safu kwa safu, na kabla hajafikiri, shingo yake ndiyo iliyokumbuka. Hivi ndivyo vilivyomwachia alama kisogoni kila jioni akisinzia.

"Hii," akasema. "Hii ni yangu."

"Ni yako. Iweke kwa kiti yako. Usifungue macho!"

Ndeti akapiga hatua, akagonga meza. Akageuka, akaikanyaga stuli. Akanyoosha mkono akamshika Mbula bega, akajaribu kumvika kitambaa akidhani ni kiti. Mbula akaangua kicheko, na machozi yakamtoka humohumo.

Nthenya alivisikiliza vile vishindo mpaka vikatulia. Kisha akakisukuma kiondo kwa mguu kuelekea kwa binti yake.

"Toa nguo zangu urudishe kwa sanduku," akasema. "Huyu nikimwacha peke yake kwa hii nyumba, atapotea."