Kipimo changu cha shikamoo kilivyotaka kuninyima kibali cha kuuza sigara

Wakuu, asalaam aleikum, na wengine habari zenu. Nachapa kwa kidole kimoja na shule niliishia la nne, mtanisamehe. Lakini haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa.

Nikiwa mdogo kule Fukayosi nilimpita bibi mmoja njiani bila kumwamkia, nina ndoo ya maji kichwani. Akanirudisha kisimani nianze safari upya. Nikaja, nikamwamkia, akasema hakusikia. Nikarudi tena. Siku ile nyumbani tulikunywa maji jioni.

Bibi yule alikuwa na jogoo mwenye jicho moja, lakini hayo tuyaache.

Tangu hapo shikamoo naijali kuliko chumvi kwenye mchuzi.

Sasa nina kaduka hapa Zinga. Sukari, sabuni, sigara. Tukaitwa kikao, tukaambiwa anayetaka kuuza tumbaku aombe kibali, na anayewauzia watoto chini ya miaka kumi na nane hapewi. Mkaguzi atapita.

Wakuu, mtu anafuata sigara, anaondoka na sukari. Nikikosa kibali nafunga duka.

Vitambulisho vina herufi ndogo kama chawa. Nikabuni kipimo changu: anayenipa shikamoo ni mtoto, haondoki na sigara. Asiyenipa ni mtu mzima mwenzangu.

Nilijiona smart kweli.

Shida ni kwamba nina miaka sabini na ushee. Akaja mwalimu mkuu, mvi kichwa kizima, ana wajukuu.

"Shikamoo mzee, nipe sigara."

"Marahaba. Nenda kasome."

Ikafika siku akaja dada mmoja, mtandio wa kijani.

"Shikamoo babu, naomba sigara."

"Marahaba mjukuu wangu. Hapa watoto hatuwauzii."

Akacheka, akatoa karatasi. Kumbe ndiye mkaguzi! Nikamletea kigoda na soda, moyo kwatu.

Mara akaingia Seifu, mtoto wa jirani, kidato cha pili, na sare yake ya shule. Mdomoni ana kidude kinatoa moshi unanukia nanasi.

"Vipi Athumani, mkeo hajambo? Nipe sigara moja."

"Hajambo ndugu yangu. Pole na pumu." Nikampa sigara.

Yule dada akapaliwa na soda.

"Babu! Huyu si mwanafunzi?"

"Mwanafunzi gani? Shikamoo hajanipa!"

"Na hiyo si pumu. Ni vape, ina nikotini kama sigara."

Akamnyang'anya vyote viwili. Seifu akatimua mbio, na shikamoo akaikumbukia barabarani: "Shikamoo babuuu!"

Kumbe shule nzima walishaambizana, ukimkosea adabu babu Athumani anakuuzia.

Dada akasema, "Nakaa hapa mpaka adhuhuri. Kila mtu umuulize kitambulisho, uangalie mwaka tu. Ukishindwa kuusoma, usiuze. Ukimruka hata mmoja, kibali usahau."

Funzo nalitia hapa hapa, maana nikifika mwisho nitasahau: adabu si cheti cha kuzaliwa. Wenye maduka, nyie mnawatambuaje hawa watoto? Semeni, msinicheke tu.

Basi, mteja wa kwanza akawa Pazi. Rafiki yangu, tuliingia jando pamoja, amebaki na meno manne. Kikohozi chake cha sigara nakitambua kabla hajakata kona.

"Nipe zangu."

Dada ananitazama.

"Kitambulisho, Pazi."

"Nini?"

"Nione kama umefika kumi na nane."

"Athumani! Jandoni nani alikushika mkono ukilia?"

"Wewe. Kitambulisho."

Dada akajiziba mdomo na mtandio. Pazi akapapasa mifuko, akatoa tasbihi, ufunguo na kipande cha muwa, akavipanga mezani. Akanitazama. Akavirudisha kimoja kimoja, akaondoka bila kuaga.

Kibali nilipata, kipo ukutani.

Pazi hajarudi dukani mpaka leo. Msikitini anasali nyuma yangu, na sijui kama yupo mpaka nigeuke, maana kile kikohozi hakipo tena.