Siku Nilihamisha Haifa

Siku ya kwanza ku kazi nilisalimia maiti. Niliingia mu chumba ya baridi, nyuma ya duka ya mazishi ya patron, mu kabarabara kadogo kanatoka ku Chaussée d'Ixelles, hapa Bruxelles, nikakuta muzee wa Kibelgiji amelala na kravati yake. Nikasema, "Bonjour, monsieur." Ilikuwa woga, na pia maman yangu alinifundisha adabu. Patron, tulikuwa tunamuita Monsieur le Directeur hata kama alikuwa anaongoza watu wane tu, alikuwa amesimama ku mulango na sigara.

"Amejibu?"

"Hapana, monsieur."

"Muzuri. Siku moja akijibu, uje uniambie kwanza, kisha ukimbie."

Ilikuwa deux mille deux, mwaka 2002, niko na quarante-neuf ans, miaka 49. Shule niliishia mwaka wa pili wa secondaire kule Bujumbura; masomo ilinichoka mbele mimi niichoke. Nyinyi vijana munaoingia sasa mu pompes funèbres, kazi hii ya mazishi, munakuta mashine ya kuinua na gari ya joto. Sisi mashine ilikuwa bega. Watu wane, wafupi mbele ku kupanda, warefu mbele ku kushuka, ili sanduku ikae sawa. Mimi mufupi, kila mara nilijikuta chini ya uzito yote. Ngazi za Bruxelles zilijengwa na watu hawakufikiria kama watakufa.

Kisha mwaka mumoja Directeur akaniuliza, "Monsieur Saïd, wewe ni Muislamu?"

"Siku ya Idi, ndiyo."

Akanituma ku musikiti, wazee wakanifundisha kuosha. Maji ya vuguvugu, majani ya mukunazi yaliyosagwa, kafuri ku maji ya mwisho, unaanza na upande wa kuume. Sanda tatu kwa mwanaume. Wanawake wanaoshwa na wanawake, mimi nabaki koridoo na makaratasi. Maiti wa kusafiri anaingia mu sanduku ya zinki, wanaichomea sawa sufuria, na polisi anakuja kuweka muhuri. Wengi wangu walisafiri: Tangier, Conakry, Izmir. Nilituma watu mu inchi nyingi kuliko agence ya safari, na hakuna alirudi kulalamika.

Nyuma ya Directeur kupumzika akaja Madame la Gérante, muntu wa miwani na kalamu nyekundu. Ni yeye alinipandisha kuwa déclarant. Déclarant njo muntu anapeleka habari ya kifo ku commune, ofisi ya serikali ya mutaa. Karani anauliza, wewe unajibu, yeye anaandika acte de décès, cheti ya kifo. Kisha anakusomea yote, wanaita lecture faite, na wewe unasaini kama ni kweli. Madame alinikalisha chini.

"Monsieur Saïd, ukikosea maua, tunanunua ingine. Ukikosea karatasi, umeua muntu mara ya pili."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mu deux mille sept, mwaka 2007, mwezi wa kumi na moja, tuliitwa mutaa wa Etterbeek, étage, gorofa ya tatu. Maman mumoja amekufa, muke wa fundi viatu, Mupalestina. Bwana yake tulikuwa tunamuita Abu Nasri, baba ya Nasri, juu ya mutoto wao mumoja aliyekuwa Canada. Muzee aliteremuka ngazi nyuma yetu pole pole, ameshika viatu vya bibi, vyenye aliweka soli mupya ile juma. Alikuwa anataka kumuzika kwao, Haifa. Madame alipiga simu siku mbili. Hakuna mulango ulifunguka: marehemu hakuwa raia wa kule, karatasi yake ilikuwa ya mukimbizi, aliipata Liban, Lebanoni. Donc tukamuzika hapa, upande wa makaburi ya Waislamu, mvua inanyesha kidogo kidogo.

Lakini mbele ya kuzika ni commune. Karani sitamutaja jina. Asubuhi, watu nyuma yangu mustari, karani kijana, muzuri tu, hana kosa.

"Alizaliwa wapi?"

"Haïfa."

Akapiga clavier. "Mashine inaleta Israël."

"Hapana, famille itaniua."

"Alors? Palestine siioni ku liste yangu. Iko inchi gani, monsieur? Kuko watu nyuma yako."

Hapa nyinyi munapaswa kunijua. Mimi ni mutoto wa Buyenzi, kartier ya Waswahili wa Bujumbura. Babu yangu alitoka Ujiji, bibi Mumanyema, maman Murundi wa Rumonge. Ku shule walikuwa wanatuuliza: nyinyi Waswahili ni kabila gani? Papa alikuwa anajibu, "Andika ile inapita." Vita ilipokuja, watu walikuwa wanasimama barabarani kuuliza lile swali na panga mukononi, na jibu la papa liliniokoa mara mbili. Ndugu yangu mukubwa alijibu kweli. Donc kwetu karatasi ni mulango, haiko kioo. Hata hapa Belgique, wakati niliomba asile, hifadhi ya wakimbizi, nilisema nilizaliwa Uvira, Congo, juu wenzangu walisema Wakongomani wanapita haraka. Nikapita. Nationalité, uraia ya Belgique, niko nayo sababu ya Uvira, na mu Uvira nililala siku ine tu, na kuhara.

Bon. Nikajiona mujuaji. Nikamwambia karani, "Karatasi yake ni ya Liban. Weka Liban."

Akanisomea: née à Haïfa, Liban, amezaliwa Haifa ya Liban. Nilisikia na masikio yangu mbili. Nikasaini.

Siku ya alhamisi Abu Nasri aliingia ku duka na ile acte. Hakulalamika. Alikaa ku kiti ya wafiwa, akaweka karatasi juu ya magoti. Tulikuwa tunasemezana Kifaransa, yeye na yake ya kuvunjika, mimi na yangu ya kupotea.

"Saïd, ndugu yangu. Haifa iko Liban tangu lini?"

"Muzee, ni karatasi tu."

"Umehamisha muji muzima. Bahari, bandari, mulima, nyumba ya shemeji yangu. Jeshi haikuwahi kufanya hivyo asubuhi moja."

Akatoa mu koti bahasha, na mu bahasha karatasi ya manjano imekunjwa mpaka imetoboka. Ile ilikuwa ya kuzaliwa kwake mwenyewe, ya wakati wa Waingereza. Juu iliandikwa Palestine, lugha tatu: Kiingereza, Kiarabu, Kiebrania.

"Kiebrania pia?"

"Wayahudi wa kule walikuwa na ile ile karatasi. Jirani yetu wa chini alikuwa nayo. Yeye alibaki, sisi tukapanda mashua."

Mimi na kinywa yangu, nikamuuliza ile nilisikia ku télé: "Lakini muzee, kuko watu wanasema hakukuwaka taifa ya Wapalestina. Wanasema nyinyi ni Waarabu tu, mulitoka kwingine."

Hakukasirika. Nafikiri aliisikia mara nyingi, sawa fundi anasikia kila siku kiatu kinalia.

"Babu ya babu yangu alilima zeituni kwenye mulima ule. Mbele yake, nani? Warumi walipita, Waarabu, Waturuki, kila muntu aliacha damu kidogo na neno mbili tatu. Inawezekana mu ukoo wetu kulikuwa Wayahudi, wakawa Wakristo, wakawa Waislamu. Shamba haikuhama. Jina la taifa, ndiyo, tulilishika kwa nguvu juzi, wakati tuliona inchi inatoka mukononi. Lakini kila taifa ni la juzi, Saïd. Hii Belgique iko na miaka ngapi? Mizeituni yetu ingine ni mama yake."

Kisha akaniuliza, "Wewe kwenu ni wapi?"

Mulomo ukasema peke yake: "Uvira."

Akaniangalia kidogo. "Kifaransa yako haifanane na ya Wakongomani wa Porte de Namur, wale ninawatengenezea viatu."

Nikainuka kutafuta kahawa.

Kurekebisha acte de décès si kufuta na gomme. Inaenda tribunal, mahakamani. Famille inaomba, na déclarant anakuja mbele ya juge kusema: nilidanganya, au nilikosea, na kwa nini. Abu Nasri aliomba kitu moja tu, niende naye. Mimi niliona mu kichwa juge anafungua dossier yangu, anauliza, "Na wewe, monsieur, ulizaliwa wapi?" Niliona watoto wangu watatu nyuma yangu, wote Wabelgiji kwa sababu ya ile Uvira. Nikamwambia, "Muzee, ngoja mwezi ujao, kazi ni mingi." Watu wanakufa kila mwezi, uongo ule ulikuwa rahisi.

Alikuja kila alhamisi. Hata siku moja hakunitukana. Anakaa ku kiti ya wafiwa, anatengeneza viatu vyangu vya kazi bila kuombwa, anaenda. Madame aliniuliza, "Huyu monsieur anangoja nini?" Nikasema anapenda kahawa yetu. Kahawa yetu hata maiti wangekataa.

Wakati Belgique ilikaa zaidi ya mwaka bila serikali, Waflamand na watu wa Kifaransa wanabishana, alikuja na gazeti chini ya kwapa, anacheka.

"Ona hawa. Hawana serikali, hawapendane, hawasikilizane lugha. Na hakuna muntu anawaambia hawako."

Nikacheka naye. Kisha akakunja gazeti.

"Saïd, unaogopa nini?"

"Siogopi kitu, muzee."

"Bon. Alhamisi ijayo."

Miaka saba ya alhamisi. Mu deux mille quatorze, mwaka 2014, mwezi wa kumi na moja tena, hakuja. Juma ile ile tuliitwa Etterbeek, étage ya tatu.

Nilimuosha mimi. Vidole vyake vilikuwa na gundi ya viatu kwenye kucha, ile haitoki na mukunazi, haitoki na kitu. Nilisugua mpaka muzee wa musikiti akanishika mukono, akasema inatosha. Mwisho wa kazi, nilimwambia pale sikioni, "Nilizaliwa Buyenzi." Hakujibu. Nilimukumbuka Monsieur le Directeur.

Mu koti yake bahasha ilikuwa pale. Nikaibeba ku commune, mustari ule ule, karani mwingine, mwanamuke. Mashine ikaleta tena Israël. Nikaweka ile karatasi ya manjano mbele yake, nikasema sitaondoka. Nilisema pole pole, na kofia mukononi. Watu nyuma walinung'unika, muntu mumoja akaniambia nirudi kwetu, nikamwambia njo shida yenyewe. Karani akaita mukubwa wake. Mukubwa akasoma, akageuza, akasoma tena, akasema waandike kama document ya kuzaliwa inavyosema. Ilichukua muda wa kupika mayai. Akanisomea: né à Haïfa, Palestine. Lecture faite. Nikasaini, na ile wepesi njo iliniumiza. Miaka saba, juu ya kitu ya kupika mayai.

Donc wamelala upande kwa upande, bwana na bibi wa muji mumoja, na ku makaratasi walizaliwa mu inchi mbili.

Nilipumzika deux mille dix-huit, mwaka 2018. Madame alinipa saa ya ukuta. Muntu wa pompes funèbres kumupa saa, alijua mzaha kumbe. Mwezi ule ule nikaenda kwa avocat, wakili, mimi mwenyewe, na viatu alivyotengeneza Abu Nasri. Nikamwambia yote, hata Uvira. Akasikiliza, akasema ombi lazima litoke kwa famille, mimi ni shahidi tu. Niliandikia Nasri kule Canada mara tatu. Barua ya tatu ilirudi. Shahidi eko, kesi haiko.

Vijana wananiuliza mu kazi hii ni nini nzito zaidi. Wanangoja niseme ngazi. Ninawaambia: kalamu. Sanduku munabeba watu wane.

Na watoto wangu wamesoma hii mbele yenu. Mukubwa alisema, "Papa, ukiandika ile, wanaweza kukunyanganya uraia." Nikamwambia labda. Kama kuko muntu wa ofisi ya uraia anasoma Kiswahili ya Buyenzi, basi anajua pa kunipata, alhamisi niko makaburini.

Mimi, Saidi, déclarant, nasema: muke wa Abu Nasri alizaliwa Haifa, Palestina. Mimi nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, avenue ya tisa.

Lecture faite. Nimesaini.