Redio Haitacheza Jumamosi

Mwanangu, kuna wiki moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka siku kwa siku, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Sasa nina mvi kichwa kizima, magoti yananisumbua nikipanda ngazi, na majina ya majirani wengine yananitoka. Lakini wiki ile haijanitoka hata kidogo. Kaa nikusimulie, maana nasikia hata wewe siku hizi huli wala hunywi mpaka ujue viongozi wa mpira wamesema nini kwenye simu yako.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikulia Luzira, pembezoni mwa Kampala, kwenye nyumba za askari magereza, kwa sababu baba yangu alikuwa askari aliyehamishwa kutoka Gulu. Pale kambini tulikuwa watoto wa kila kabila, na Kiswahili ndicho tulichogombania na kupatania. Timu yetu ilicheza kwenye kiwanja kilicho karibu na bandari ya Port Bell. Ukipiga shuti la ovyo, mpira unaufuata hadi kwenye mabehewa yanayosubiri kupakiwa melini. Mimi nilikuwa beki wa kushoto. Tena nilikuwa beki mzuri, na sioni haya kukwambia, kwa sababu mguu ule sikuzaliwa nao hivyo; niliufanyia kazi kila asubuhi kwenye ukuta wa bohari mpaka mlinzi akachoka kunifukuza.

Mwaka huo klabu moja kubwa ya upande wa Kasubi ilitafuta wachezaji wapya. Utaratibu wao ulikuwa hivi: vijana walioonekana huku na kule wanaitwa kucheza mechi moja ya mwisho Jumamosi, na mechi ikiisha, majina ya wanaosajiliwa yanasomwa palepale uwanjani, watu wote wakisikia. Kutoka Luzira tuliitwa wawili, mimi na rafiki yangu Kato, mshambuliaji. Tulikuwa tumekula sahani moja tangu utotoni. Kwa vijana kama sisi, kusomwa jina pale kulikuwa ni kutoka kwenye kubeba magunia bandarini na kuwa mtu.

Sasa, Jumatatu jioni mwenyekiti wa klabu ile akahojiwa redioni. Watu walimwita Ssalongo, kwa sababu alikuwa baba wa mapacha. Kambi nzima ilikaa kusikiliza. Mtangazaji akamuuliza kuhusu vijana wa Luzira, naye akajibu kwa sauti yake ya taratibu kwamba Kato ndiye mchezaji anayemwota usiku na mchana. Kisha akasema mabeki wa kushoto anao wa kutosha, na yule kijana Ocen wamemwita kwa heshima tu, maana bado ni mwepesi, upepo ukivuma unamchukua.

Ocen ndiye mimi, mwanangu. Kambi nzima iliangua kicheko. Hadi kesho yake, kila nilikopita watoto walivuma kama upepo.

Kato, kwa upande wake, alichinja kuku wawili wa mama yake akawaalika majirani. Mimi nilikula kuku wale huku nikitabasamu. Nilimpenda Kato lakini siku ile nilimwonea wivu mbaya, na wivu ule nauona aibu mpaka leo.

Jumanne nikasikia redio nyingine. Huko alihojiwa Hajji mmoja mwenye timu yake pale mjini, mpinzani mkubwa wa Ssalongo. Yeye hakumtaja Kato hata kwa bahati mbaya. Alisema beki bora wa kushoto katika Kampala yote ni Ocen wa Luzira, na kwamba angempata Ocen, angelala usingizi wa mtoto. Nilisimama peke yangu katikati ya chumba nikajipiga kifua. Nikaamua papo hapo kwamba Jumamosi siendi Kasubi kudhalilishwa. Nitaenda kwa mtu anayejua thamani yangu.

Basi, Jumanne sikwenda mazoezini, Jumatano pia sikwenda. Alhamisi nikavaa koti la baba, lililonipwaya mabegani, nikapanda mpaka Nakasero ilipo ofisi ya Hajji. Alinipokea vizuri sana, sitamsema vibaya. Akaniagizia chai, akaniuliza habari za safari. Halafu akanitazama kwa upole akasema, "Kale, ssebo, haya bwana. Wewe uko mtoto wa nani, na umekuja kuona nani?"

Hakunijua, mwanangu! Mtu aliyesema redioni kwamba bila mimi hapati usingizi alikuwa hajawahi kuiona sura yangu. Nilipojitaja, alishtuka kidogo, akacheka, akaniambia, "Ah, Ocen! Wewe si uko na Ssalongo? Basi kaa na Ssalongo, iko mtu mzuri." Nilimaliza chai kwa sababu nililelewa kumaliza chai, nikatoka.

Kutoka pale mpaka sokoni Nakasero ni mwendo mfupi, na sokoni kulikuwa na mtu mmoja niliyemjua, Mama Atieno. Alikuwa Mkenya wa Kisumu, mumewe akifanya kazi kwenye meli za mabehewa Port Bell. Yeye aliuza mananasi sokoni, na kila Jumapili baada ya kanisa alifua jezi za timu yetu. Aliponiona na lile koti la baba alijua kuna jambo.

Nilimweleza yote. Nilimwambia mmoja ananidharau, mwingine hanijui, na kwamba Jumamosi siendi kokote. Alinisikiliza huku akipanga mananasi, halafu akasema, "Wewe Ocen, tangu Jumatatu umegusa mpira mara ngapi?"

Nikamwambia sijaugusa.

"Ati kwa nini?"

"Redio imesema hawanihitaji, mama."

"Redio!" akasema. "Redio ndiyo itacheza Jumamosi? Kaa hapo kwa gunia, funga mdomo, uangalie hii biashara yangu."

Nikakaa. Muda si mrefu akaja mpishi wa hoteli moja ya jirani, mwanamume mnene mwenye kofia nyeupe. Akashika nanasi moja kubwa lililokuwa mbele, akalinusa, akaligeuza chini akatazama kitako chake, kisha akalirudisha kwa kukunja uso. "Nyabo, mama, hii imeiva sana, haifai," akasema. Akayasifu yale madogo ya pembeni. Akauliza bei ya hayo madogo, akayahesabu, akayapapasa, akasema ndiyo mananasi aliyokuwa anatafuta. Mama Atieno alikuwa ameshalisogeza lile kubwa karibu na mkono wa mpishi. Mwishoni mpishi akaguna, akasema, "Na hii mbovu, unaweza nipatia tu?" Akalipa, akaondoka na lile kubwa peke yake. Yale madogo aliyoyasifu hakununua hata moja.

"Umeona?" Mama Atieno akaniuliza.

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Alilitaka lile alilolitukana."

"Hapana, hujaona vizuri. Kuna wengine wanatukana nanasi kwa sababu kweli limeoza. Mdomo wake ungekudanganya au ungekwambia ukweli, huwezi jua. Ungeangalia mkono. Ni nanasi gani alinusa? Ni gani aligeuza chini?"

Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Wiki mbili nyuma, alipokuwa anaanika jezi, mtunza vifaa wa klabu ya Ssalongo alifika kiwanjani kwetu kama mtu anayepita tu. Aliuliza viatu vyangu ni namba ngapi. Akauliza goti langu, lile nililoumia wakati wa mvua, kama bado linavimba. Akauliza kama nakunywa pombe. Kuhusu Kato hakuuliza lolote.

Nilikasirika. Nikamuuliza kwa nini alinificha habari kubwa namna hiyo.

"Ningekwambia, ungetangaza kambi yote," akasema. "Hajji angejua siri ya Ssalongo, na Ssalongo angekasirika akuache. Na hata hivyo mimi sikuahidi kitu. Mtu kuuliza namba ya kiatu si kukupa kiatu. Wale wazee wawili wanachezeana wao kwa wao. Huyu anamsifu anayetakiwa na yule ili yule ababaike. Hawakuwa wanaongea na wewe, Ocen. Wewe ndiye umeingia kwa mazungumzo ya watu wakubwa, ukayachukua kuwa barua yako."

Maneno yale yaliniingia. Halafu akaongeza lililoniuma zaidi ya yote. "Siku tatu umekaa bure. Kama Jumamosi utashindwa, si Ssalongo amekuangusha. Ni hizo siku tatu."

Nilirudi Luzira mbio. Nilivua koti la baba, nikaenda kwenye ukuta wa bohari, nikapiga mpira mpaka mlinzi akatoka na filimbi yake. Ijumaa nilifanya vilevile. Nilimtafuta Kato nikamwambia niliyoyasikia, tena kwa unyenyekevu, nikamsihi asiache mazoezi. Alinicheka. Alisema ninaongea kwa wivu, na kweli nilikuwa nimempa sababu ya kuniwazia hivyo. Siku hizo tatu yeye alikuwa anatembelea jamaa kupokea pongezi.

Jumamosi tulicheza. Nilicheza kwa moyo wangu wote, mwanangu. Winga wa upande wa pili, mwenye sifa, alinijia mara nyingi na mara nyingi alirudi bila mpira. Kato alikuwa mzito, kuku na soda za wiki nzima zilionekana miguuni. Mechi ilipoisha, tulipanga mstari, na kabla hata majina hayajasomwa nilimwona mtunza vifaa amekaa kwenye benchi na viatu vipya magotini. Nilisoma kwenye soli namba arobaini na mbili, na katika mstari ule ni mimi peke yangu niliyevaa arobaini na mbili. Jina langu lilisomwa la pili. Ssalongo mwenyewe alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Upepo haujakuchukua?" akacheka kama baba.

Jina la Kato halikusomwa. Alitoka uwanjani kabla sijamfikia, na Jumapili alfajiri akapanda gari kwenda kwa mjomba wake kijijini, kwa aibu ya wale kuku. Jumatatu mtu wa Hajji akaja kambini kumtafuta. Hajji alikuwa anamtaka Kato siku zote, ndiyo maana hakumtaja. Alisubiri siku nne, Kato hakuonekana, akamsajili mwingine. Rafiki yangu alipoteza msimu mzima. Alirudi baadaye na akacheza vizuri, na mpaka leo tunakunywa chai pamoja, lakini ukimtajia redio anabadilisha mazungumzo.

Mimi nilivaa jezi ile misimu tisa. Baadaye niliingia polisi, na nilipozeeka nikawekwa kwenye kamati ya timu. Na nikukiri, siku moja nami nilikaa redioni nikasema hatuna shida ya kipa, huku fomu ya kipa tunayemtaka iko mfukoni mwangu. Niliposikia sauti yangu nilijiona kama yule mpishi na nanasi. Lakini kesho yake nilimtuma mtu wetu wa vifaa akamuulize kijana yule namba ya glavu, mbele ya mama yake. Nilijua mama ataelewa.

Sasa ninachotaka ushike ni hiki. Mkubwa wa klabu anapozungumza hadharani kabla ya usajili, ana watu wengi anaosema nao, na huenda wewe si mmoja wao. Usiyapokee maneno yake kama hukumu, na usiyageuze juu chini kila mara ukidhani kila anayekutukana anakupenda. Wengine husema kweli. Tazama wanachofanya: nani amekuja kukuona, ameuliza nini, amerudi mara ngapi. Ukisifiwa, usichinje kuku. Ukidharauliwa, usivae koti la baba yako ukaende kutafuta sifa kwingine. Na vyovyote iwavyo, zile siku zilizobaki kabla ya majina kusomwa ni zako, hazina redio ndani yake, basi zitumie.

Nilimwambia hayo yote mjukuu wangu Aber, golikipa, mwezi uliopita. Mkurugenzi wa timu ya wanawake anayoiota alikuwa amesema kwenye mtandao kwamba wanatafuta makipa warefu kutoka nje, na Aber si mrefu. Alikuja kwangu na simu mkononi, macho mekundu, akiniambia anaacha mpira. Nilimsimulia kuhusu mananasi. Alichukua simu yake akaenda zake, nikadhani nimepoteza pumzi zangu bure.

Kesho majina yanasomwa. Sijui kama lake litakuwemo, na nimeshapiga viatu vyangu rangi ili nikasikilize. Leo jioni Aber aliingia na magoti yenye matope, glavu begani, akajimiminia maji akanywa nusu jagi. Nikamuuliza, "Vipi, yule mkurugenzi wenu leo kasema nini?"

Akapangusa mdomo. "Sijui, babu. Nilikuwa mazoezini."

Nimekuwa na siku nyingi za fahari, mwanangu, lakini sikumbuki kama kuna iliyonifurahisha kuliko jibu lile. Nililazimika kuinama nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Mungu akupe miguu isiyochoka na masikio yanayojua ya kuacha. Akuletee watu wanaokuja kukuuliza namba ya kiatu chako. Na siku majina yatakaposomwa, liwemo lako au lisiwemo, akukute una jasho mwilini.